John Cade, munganga aliyetoka buloko ya vita akapata dawa ya wazimu ndani ya chumvi ya jiwe

Hapa kwetu mashariki, mutu akisikia neno litiamu, mara moja akili inakwenda Manono, mu jimbo la Tanganyika. Anafikiri mashimo ya zamani ya bati, kesi za makampuni ku tribinali, betri za telefoni na motokari za umeme. Ni wachache wanaojua kama ile litiamu, miaka makumi mbele ya telefoni za mukononi, ilikuwa tayari inatibu watu ku hospitali za wagonjwa wa akili. Na mupaka leo inawatibu. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeiweka ku orodha ya dawa za lazima.

Mutu aliyefungua ile njia ni John Cade, munganga wa Australia. Hakuwa profesa mukubwa, hakuwa na laboratware ya maana, hakuna kampuni iliyomupa franga. Alikuwa ametoka tu ku buloko ya vita. Ndani ya chumba kidogo cha hospitali alianza kujiuliza swali moja: kama mutu anapata wazimu, ni roho yake imeharibika, ao kuna kitu ndani ya mwili wake ambacho kimezidi ao kimepunguka?

Wasikilizaji na wasomaji wetu, tunaeleza hapa maisha yake, sababu ile swali bado linaulizwa kila siku mu jamaa zetu.

Mutoto wa munganga aliyerudi na vita kichwani

John Frederick Joseph Cade alizaliwa tarehe 18 mwezi wa kwanza 1912 ku Murtoa, muji mudogo wa mu jimbo la Victoria, kusini-mashariki ya Australia. Baba yake David alikuwa munganga. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, baba alikwenda kutumika na jeshi. Alipita Gallipoli, kule Uturuki, halafu Ulaya. Aliporudi nyumbani alikuwa amechoka mwili na roho. Kazi ya kupokea wagonjwa muchana na usiku ilimushinda. Aliuzisha kabine yake, akaomba kazi ya serikali ku hospitali za wagonjwa wa akili.

Ndivyo mutoto John alikomaa ndani ya viwanja vya zile hospitali: Sunbury, Beechworth, Mont Park. Nyumba ya munganga ilikuwa ndani ya kiwanja kimoja na wagonjwa. Watoto wengine wa muji walikuwa wanaogopa kupita hata karibu na ukuta. Yeye aliwaona kila siku, akiwa anacheza, akiwa anakwenda masomo. Aliona kama mugonjwa wa akili ni mutu, ana siku nzuri na siku mbaya, anaweza kupiga kelele asubuhi na magaribi akakusalimia vizuri. Ile ilimubakia mupaka uzee.

Alisoma ku Scotch College ya Melbourne, kisha uganga ku Chuo Kikuu cha Melbourne. Alimaliza 1934, akiwa na miaka 22. Alianza kutumika ku hospitali za mule muji, na wakati alikuwa ku hospitali ya watoto alishikwa na ugonjwa wa mapafu uliotaka kumuua. Infirmiere mumoja, Jean Charles, alikuwa kati ya wale waliomuangalia. Walipendana na wakaoana 1937. Mwaka moja mbele yake, 1936, Cade alikuwa amekwisha kuchagua njia ya baba: aliingia ku kazi ya hospitali za akili, pale Mont Park.

Miaka tatu na nusu ku Changi

Vita vya pili vilimukuta akiwa munganga kijana. Mwaka 1940 aliingia jeshini, na 1941 kikosi chake kilipelekwa Singapore. Tarehe 15 mwezi wa pili 1942 Singapore ilianguka mukononi mwa Wajapani. Maelfu na maelfu ya waaskari wa Uingereza, Uhindi na Australia walifungwa. Cade alikuwa kati yao. Alibaki ku kambi ya Changi mupaka mwezi wa tisa 1945, zaidi ya miaka tatu na nusu, bila kuona bibi wala watoto.

Kule Changi walimupa kazi ya kuangalia wafungwa waliochanganyikiwa akili. Dawa hazikuwa. Chakula kilikuwa muchele kidogo, na watu walikonda, wakavimba miguu, wakapofuka macho, juu ya kukosa vitamini. Sisi tunaojua bwaki ya watoto na tunaojua kambi za wakimbizi, hatuhitaji kuelezwa sana. Cade alichunguza jambo moja: mutu akikosa kitu fulani mu chakula, siyo mwili tu unaanguka. Hata akili inaweza kuvurugika. Na wengine waliokufa, waganga walipofungua miili yao, walionekana na kidonda ao damu iliyoganda ku ubongo, wakati watu walikuwa wanafikiri ni wazimu mutupu.

Alitoka Changi na mawazo haya: magonjwa mengi ya akili yana muzizi ndani ya mwili. Alirudi nyumbani mwembamba kabisa, akapumzika kidogo, halafu akarudi kazini. Mara hii ilikuwa ku hospitali ya Bundoora, karibu na Melbourne, mahali serikali iliwaweka wanajeshi wa zamani wenye ugonjwa wa akili.

Mufano wa goitre

Ili kuelewa namna Cade alifikiri, tuchukue ugonjwa ambao watu wa Kivu wanaujua: goitre. Wazee wa Idjwi wanajua vizuri shingo iliyovimba juu ya kukosa iyodi mu chakula. Ndani ya shingo kuna kiungo kidogo, tiroide, kinachotengeneza maji fulani ya mwili. Yakizidi, mutu anakonda, moyo unakimbia, halali, hatulii, anaongea mbio mbio. Yakipunguka, mutu anakuwa mzito, baridi, mulegevu, akili inasinzia. Kitu ni kimoja. Kuzidi na kupunguka ndiko kunaleta magonjwa mawili yasiyofanana.

Cade alijiuliza kama ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka hauko sawa vile. Leo waganga wanauita bipolari. Kuna wakati mugonjwa anapanda: halali siku nne, anaongea bila kupumzika, anajiona mukubwa kuliko wote, anatumia franga zote, anagombana na kila mutu, anaweza kutembea uchi bila kusikia haya. Kisha anaweza kushuka: haamuki ku kitanda, hali, analia, anatafuta kufa. Katikati anaweza kuwa muzima kabisa, mwalimu muzuri, mama muzuri, mufanya biashara mwenye akili. Hapo ndipo jamaa wanachanganyikiwa, wanasema ametumiwa kitu.

Mawazo ya Cade yalikuwa haya: pengine mutu anapopanda, kuna sumu fulani ya mwili imezidi, inamulevya sawa pombe. Na kama imezidi, inapaswa kutoka mu mukojo.

Mukojo ndani ya frigo, simbiliki ku chumba cha zamani

Basi alianza. Walimupa chumba cha jikoni kisichotumika. Huko aliweka meza, chupa, na simbiliki, wale wanyama wadogo ambao wengine kwetu wanaita dende ao kobaye, na ambao mama wengi wa Kivu wanafuga jikoni. Alikusanya mukojo wa wagonjwa wa bipolari, wa wagonjwa wengine, na wa watu wazima. Hakuwa na pahali pa kuuchunga ku baridi, kwa hiyo chupa zingine zilikwenda ku frigo ya nyumbani kwake, pamoja na chakula cha jamaa.

Alikuwa anapiga simbiliki shindano ya ule mukojo ndani ya tumbo. Wengi walikufa. Aliona kama mukojo wa wagonjwa waliopanda unaua mbio zaidi. Akatafuta ni kitu gani ndani yake kinaongeza ukali, akafikiri asidi ya uriki. Lakini ile asidi ina shida moja, haiyeyuki vizuri mu maji. Chumvi yake inayoyeyuka vizuri kuliko zingine ni ile iliyounganishwa na litiamu. Kwa hiyo litiamu iliingia mu kazi yake sawa mubeba muzigo tu. Hakuna aliyekuwa anaitafuta.

Hapo ndipo mambo yaligeuka. Simbiliki waliopigwa litiamu hawakufa vile alivyongojea. Akajaribu litiamu yenyewe, bila mukojo na bila asidi. Nyuma ya saa mbili hivi, wale wanyama wenye woga, wanaoruka ukiwagusa, walitulia. Aliwalaza ku mugongo, wakabaki pale wakimuangalia tu, wasijaribu hata kugeuka. Nyuma ya saa moja ao mbili walirudia hali yao.

Lazima tuseme ukweli wote. Wanasayansi waliokuja nyuma wamesema kama pengine wale simbiliki walitulia juu ya kuleweshwa na litiamu nyingi, siyo juu ya kutibiwa. Na ile sumu ya mu mukojo ambayo Cade aliitafuta, hakuna mutu aliyeipata. Mawazo ya kwanza yalikuwa na makosa. Lakini yalimupeleka ku mulango ambao hakuna mwingine alikuwa anaupiga.

Mbele ya kumupa mugonjwa yeyote, Cade alikunywa litiamu yeye mwenyewe, ili ajue kama inamuzuru mutu.

Mugonjwa wa kwanza

Mu kitabu cha sayansi Cade alimuita tu kwa herufi W.B. Alikuwa mwanaume wa miaka 51. Miaka tano nzima alikuwa amepanda bila kushuka: muchafu, muharibifu, halali, anasumbua kila mutu. Ndani ya ile salle hakuna aliyewachokesha wainfirmier kuliko yeye. Wote walikuwa wamekata tamaa.

Tarehe 29 mwezi wa tatu 1948 alianza kunywa litiamu. Ku siku ya ine Cade alifikiri anaona mabadiliko, lakini aliogopa kujidanganya. Siku zilizofuata hakukuwa tena na mashaka. Mutu alitulia, akaanza kujiosha, akaongea sawa watu. Nyuma ya juma tatu walimupeleka ku salle ya wale wanaopona. Mu mwezi wa saba, tarehe 9, alirudi nyumbani, na akarudilia kazi yake ya zamani. Mutu aliyefungwa miaka tano alikuwa anaamuka asubuhi kwenda kazini.

Cade alitibu wagonjwa kumi wa namna ile, na wote walipata nafuu. Alijaribu pia ku wagonjwa wa skizofreni, watu sita: baazi walipunguza kelele, lakini ugonjwa wenyewe ulibaki. Ku wagonjwa watatu wa huzuni kubwa hakuona faida. Tarehe 3 mwezi wa tisa 1949 aliandika yote ile mu gazeti la waganga wa Australia. Ilikuwa makala fupi. Alikuwa na miaka 37.

Tukumbuke ni matibabu gani yalikuwa wakati ule. Kulikuwa umeme wa kichwani, kulikuwa kulaza wagonjwa na insulini mupaka wanazimia. Kulikuwa pia kupasua kichwa na kukata nyuzi za ubongo. Na mwaka huo huo 1949, zawadi ya Nobel ya uganga ilipewa Egas Moniz wa Ureno, aliyeanzisha kule kukata ubongo. Munganga wa Bundoora, aliyetuliza wagonjwa kwa chumvi bila kisu, hakuna aliyemujua. Dawa ya kwanza ya kampuni kwa wagonjwa wa akili, kloropromazine, ile wainfirmier wetu wanaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumika ku Paris 1952, miaka tatu nyuma yake.

Dawa iliyoponya ndiyo iliyoua

Sasa tufike ku sehemu nguvu ya hii habari. W.B. aliporudi nyumbani, alijisikia muzima. Akaanza kusahau dawa, kisha akaiacha kabisa. Karibu nusu mwaka nyuma ya kutoka, alirudishwa hospitali, amepanda sawa zamani. Walimupa tena litiamu, akatulia tena. Lakini mwili wake ulianza kuikataa: tumbo, kutapika, kutetemeka. Wakiisimamisha, wazimu unarudi. Wakiirudisha, sumu inamushika. Mwezi wa tano 1950 alikufa, na kilichomuua ni litiamu.

Cade alishituka sana. Wakati ule hakukuwa njia rahisi ya kupima litiamu mu damu. Alikuwa anaangalia mugonjwa kwa macho tu, anapunguza ao anaongeza. Na litiamu ina tabia mbaya: kipimo kinachoponya na kipimo kinachoua viko karibu karibu. Alijua kile alichokuwa nacho mukononi, na alijua pia kama kimeua mutu aliyekuwa amemutoa mu buloko ya ugonjwa. Akaiweka kando kwa muda.

Ku Marekani pia mambo yalikuwa mabaya. Mwaka ule ule wa 1949 wagonjwa wa moyo, waliokatazwa chumvi, walikuwa wanauziwa chumvi ya litiamu ya kutia mu chakula, bila kipimo. Baazi walikufa. Serikali iliikataza mara moja. Kwa hiyo wakati makala ya Cade ilitoka, waganga wa Marekani walikuwa tayari wanaiogopa litiamu sawa sumu ya panya.

Kulikuwa pia sababu ingine, ya biashara. Litiamu ni kitu cha udongo. Muswede Johan August Arfwedson aliivumbua 1817 ndani ya jiwe. Hakuna kampuni inaweza kusema ni mali yangu, mimi ndiye niliyeitengeneza. Dawa isiyokuwa na mwenyewe haina mutu wa kuitangaza.

Waliomalizia kazi

Habari ingeweza kufia pale. Lakini ku Melbourne penyewe, mwanasayansi Edward Trautner na wenzake walianza kupima litiamu mu damu, kwa mashine inayosoma rangi ya moto. Mwaka 1951 walieleza namna walivyotibu wagonjwa zaidi ya mia moja. Sasa munganga aliweza kuona hatari mbele haijafika.

Kule Denmark, munganga Mogens Schou alisoma makala ya Cade. Schou alikuwa na sababu ya nyumbani: ndugu yake alikuwa anashushwa na huzuni kila mwaka. Mwaka 1954 alitoa majaribio ya kwanza yaliyofanywa kwa mupango, ku wagonjwa 38, wengine wakipewa litiamu na wengine kidonge kisichokuwa na kitu. Litiamu ilishinda. Kisha yeye na mwenzake Poul Christian Baastrup walionyesha jambo kubwa zaidi: mugonjwa akiendelea kuikunywa hata akiwa muzima, ugonjwa haurudi mara kwa mara. Waganga wa Uingereza waliwapinga kwa ukali mu 1968, wakisema ni hadisi. Wale Wadenmark walirudi ku kazi, wakafanya majaribio magumu zaidi, na 1970 mabishano yalipunguka. Mwaka ule ule Marekani iliiruhusu litiamu. Miaka makumi mbili na moja ilikuwa imepita tangu makala ya Cade.

Na yeye mwenyewe? Tangu 1952 alikuwa mukubwa wa hospitali ya Royal Park ku Melbourne, na alibaki pale mupaka kustaafu, 1977. Alifungua milango, akaleta mazungumzo ya vikundi, akafundisha waganga vijana. Aliendelea kujaribu metali zingine ku wagonjwa na ku wanyama, bila kupata ya pili sawa litiamu. Wale waliotumika naye walimujua kama mutu asiyejisifu. Mwaka 1974 yeye na Schou waligawana zawadi ya shirika la Kittay ku New York, na 1976 serikali ya Australia ilimupa medali ya heshima. Alikufa tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 1980, akiwa na miaka 68, kwa kansa ya njia ya chakula.

Hii dawa inafanya nini ku kichwa

Ubongo unatumika kwa kupitisha habari. Kila seli inatuma kwa mwenzake, kwa kutumia umeme mudogo na maji maji ya namna nyingi. Umeme ule unahitaji chumvi. Litiamu ni ndugu ya sodiumu, ile ya chumvi ya kupikia, kwa hiyo inaingia pahali sodiumu inaingia. Ndani ya seli inapunguza nguvu ya habari zinazopita, na inachunga seli zisichoke. Wanasayansi bado wanabishana ni njia gani kati ya hizi ni ya kwanza. Lakini faida imeonekana ku hesabu: mugonjwa wa bipolari anayeikunywa vizuri anapanda na kushuka mara chache zaidi, na hatari ya kujiua inapunguka sana.

Ule undugu na chumvi ndio pia unaleta hatari. Figo zinashindwa kutofautisha. Mutu akiharisha, akitapika, akitoka jasho mingi shambani bila kukunywa maji, ao akiacha chumvi gafula, figo zinachunga litiamu ndani, na inapanda mu damu. Mikono inatetemeka kwa nguvu, mutu anayumba sawa mulevi, ulimi unakuwa muzito, anatapika. Hapo inapaswa kukimbia hospitali, siyo kungoja kesho. Dawa zingine za maumivu, sawa ibuprofen na diclofenac ambazo watu wananunua ovyo ku farmasi, nazo zinaipandisha. Kwa hiyo mugonjwa wa litiamu anapimwa damu mara kwa mara mwanzoni, kisha kila miezi michache, pamoja na figo na tiroide. Mwanamke mwenye mimba ao anayetafuta mimba anapaswa kumwambia munganga mapema, sababu inaweza kugusa moyo wa mutoto tumboni.

Na sisi tunaokaa juu ya lile jiwe

Tuseme wazi, sababu maneno yanakimbia: jiwe la Manono siyo dawa. Kusaga jiwe, kulamba udongo wa mugodi ao kukunywa maji yake hakutibu mutu. Litiamu ya hospitali imesafishwa na imepimwa kwa miligramu. Hata ile iliyopimwa ilimuua W.B.

Lakini kuna jambo la kufikiri. Mawe ya Manono yanahesabiwa kati ya akiba kubwa za litiamu duniani. Na mu miji yetu mingi, mugonjwa wa bipolari hawezi kupata kidonge cha litiamu, na hata akikipata, hakuna laboratware ya karibu ya kumupima damu. Kwa hiyo waganga wetu wanatumia mara nyingi dawa zingine, zinazosaidia pia, na ni haki yao kuchagua ile wanayoweza kuichunga. Dawa bila kipimo ni hatari. Cade alijifunza vile kwa uchungu.

Kitu ambacho hakihitaji mashine ni namna tunavyomuangalia mugonjwa. Bado kuna jamaa zinazofunga mutoto wao kamba ku muti ao munyororo ku nyumba ya maombi miezi na miezi. Wengine wanamupiga ili pepo litoke. Wengine wanamushitaki bibi muzee wa jirani kama ndiye aliyemutumia. Kuomba si vibaya, na watu wengi wanapata nguvu mu maombi. Lakini mutu aliyelala siku nne macho wazi, anaongea bila kusimama, anahitaji pia munganga. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, na vituo vingine vya afya vina wainfirmier waliofundishwa kidogo juu ya magonjwa ya akili. Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya cha karibu: pale wanaweza kusema ni wapi pa kumutuma.

Na akipata nafuu, kazi haijaisha. W.B. aliacha dawa sababu alijisikia muzima. Mugonjwa anahitaji mutu nyumbani wa kumukumbusha kwa upole kila siku. Mu jamaa ya Kiafrika mutu wa vile anapatikana: bibi, kaka, shangazi, binti mukubwa. Ndiye anayeweza kuhesabu vidonge, kuona mapema kama usingizi umeanza kupotea, na kumupeleka ku munganga mbele mambo hayajaharibika. Kama nyumbani kwenu kuna mugonjwa, mukae leo magaribi, muchague nani atafanya ile kazi.